Mwanasesere wa ngozi: mstari wa tatu nimeufumua tena

Leo nimeufumua mstari wa tatu wa shanga kwa mara ya nne. Ila safari hii nimelijua kosa, na nisipoliandika nitalirudia.

Kwa mliofika leo: naishi Sioux Falls, South Dakota, na tangu Januari nashona mwanasesere wa ngozi nikijifunza utungaji shanga wa Walakota, Wahindi Wekundu wa huku. Aliyenitia kichaa hiki ni Rhonda Holy Bear, Mlakota wa Cheyenne River, jimbo hili hili. Wanasesere wake huwachonga kwa mti, kisha huwavisha gauni, mikanda na viatu vyenye shanga, kila kitu kama cha mtu mzima ila kidogo mno. Mimi nilianza na gunia na pamba, kama tulivyofanya Moshi utotoni.

Mshono wenyewe uko hivi. Unatunga shanga nane kwenye uzi, unazilaza, kisha sindano inauma ngozi juu juu tu bila kutokeza upande wa pili. Unageuka, unatunga nane nyingine ubavuni mwa zile, mpaka mstari unapanda kama ngazi. Ukigeuza ngozi huoni uzi hata mmoja. Ya kwangu ukiigeuza utadhani kuku kapita.

Kosa: nilikuwa nahesabu nane kila mara, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kumbe shanga hazilingani unene! Nane nene zinasukumana na mstari unabinuka. Nane nyembamba zinaivuta ngozi inakunjamana. Sasa nimechora mistari miwili ya penseli, shanga zijae katikati yake, na kabla ya kushona nazimwaga shanga kwenye sinia nazichambua kama mchele. Kuchambua kunakula muda kuliko kushona.

Natumia shanga namba 13 (namba ikipanda, shanga inapungua). Namba 11 nilijaribu, zikakaa kifuani mwake kama maharage. Zimetoka Ucheki, zinakotoka na nyingi za kina mama wa Kimaasai. Huku Walakota walizipata kwa wafanyabiashara karne ya 19. Kabla yake walipamba kwa miiba ya nungunungu, ikapakwa rangi na kulazwa.

Ngozi ni ya kulungu, imelainishwa kwa ubongo na kufukizwa moshi, ndiyo maana ikilowa haikakamai. Mume wangu kila akiingia anauliza nani kachoma nyama.

Pambo ndilo lililonisumbua. Kwenye gauni za kale za Kilakota, katikati ya kifua chenye shanga, kuna umbo kama U: ni kobe, mlinzi wa wanawake. Kitovu cha mtoto nacho kilihifadhiwa ndani ya kifuko chenye umbo la kobe au mjusi. Hilo nimewaachia wenyewe. Nikachagua korosho ya kanga. Mshono huu haupendi mviringo, basi korosho yangu imetoka na vidato vya ngazi.

Kuna aliyeniuliza bei. Hauzwi, wala sitamwita wa Kilakota. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inakataza kuuza kazi kwa jina la Wahindi Wekundu kama hukuwa wao. Atalala kitandani kwa binti yangu, ambaye jana aliuliza, "Mama, mbona hana macho?" Nikamwambia wengi wa zamani hawakuwa nayo. Akafikiri kidogo: "Basi chakula atakionaje?"

Mstari wa tatu umelala. Bado mikono na viatu, na uzi wangu umebaki robo.