Mume wangu Mkongo, Bibi yangu wa Lamu, na mwezi mmoja Tanga

Naanza na kuungama. Miaka mitatu yote ya ndoa nimekuwa namsahihisha mume wangu Kiswahili, yani kila siku ya Mungu. Yeye mtoto wa Lubumbashi, mimi wa Tanga, Ngamiani, tumekutana Brussels kwenye duka moja pale Matonge tukigombea pakiti ya mwisho ya dagaa (yeye anaita ndagala), na kwa vile kazi yangu ni ukalimani basi nikajiona mi ndo mwenye lugha. Akisema batu, namwambia watu. Akisema bintu, vitu. Akisema "niko nakuya" namkatisha hapo hapo, baba eee, ninakuja, ni-na-ku-ja. Anacheka, "sawa mwalimu", af kesho anarudia vile vile.

Julai hii nikampeleka nyumbani kwa mara ya kwanza. Nikah tulifunga Brussels, familia ikaangalia kwenye simu, picha inakwama kwama mpaka mjomba akakosa kuona bwana harusi akitia saini, akaona kiatu tu. Kwao ni Waislamu wa asili ya Kasongo kule Maniema, huko ambako kina Tippu Tip waliweka makazi enzi za misafara, kwa hiyo upande wa dini sikuwa na wasiwasi. Kilichonitia tumbo joto ni ulimi wake. Tanga bana! Watu wa kwetu wakikupata na neno moja la ajabu, unaitwa hilo neno mpaka unazikwa.

Kwenye ndege nikamfundisha shikamoo, maana kwao wanasalimiana jambo tu basi. Kosa nililofanya sikumwambia inapewa nani. Akaipiga kwa afisa wa uhamiaji pale Dar, alipomaliza kulipa dola zake 50 za viza (pasi yake ya Ubelgiji), akaipiga kwa dereva wa teksi kijana wa miaka kama 22, asubuhi yake pale stendi ya Mbezi akampa konda wa basi. Konda akaitikia "marahaba mjukuu wangu" basi zima likaangua kicheko, na yeye akacheka nao bila kujua anacheka nini. Toka hapo mpaka Segera konda akawa anapita anamgusa bega, "mjukuu, wataka maji?" Kiyoyozi kilikufa Chalinze, sitasema basi gani. Muheza ni msimu wa machungwa, akanunua kiroba kizima dirishani, nikamwambia tunakokwenda machungwa yamejaa, akasema huwezi kwenda kwa mama mukwe mikono mitupu.

Halafu watu wa Brussels wanajua tumeenda kuota jua. Julai Tanga ni kipupwe jamani! Kusi linavuma, asubuhi mama kajifunga kanga mbili na sweta juu, na saa kumi na mbili na nusu jioni giza linaanza kuingia, wakati kule Ubelgiji tumeacha saa nne usiku bado kweupe watoto wanacheza nje. Wiki ya kwanza mwili wangu ulikuwa haujui ulale saa ngapi. Na saa zenyewe! Mume wangu saa anazihesabu kifaransa, mjomba akamwambia "kesho saa mbili nakupitia twende Chongoleani", naye akalala fofofo. Mjomba kasimama mlangoni na pikipiki asubuhi anapiga honi mpaka majirani wametoka, huyu kaka anajua ni saa nane mchana. Walikwenda mwishoni. Mjomba hana stori nyingine siku hizi ni bomba la mafuta tu, kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani, na viwanja vilivyopanda bei, na kile alichokiuza yeye kabla hakijapanda. Hapo kwenye kiwanja sauti inapungua kidogo.

Mama ndo alinipa kazi. Mkwe wa kiume haingii jikoni, hiyo inajulikana, lakini mume wangu kwetu Brussels ndo anaosha vyombo, na siku ya pili tu akanyanyuka na masahani yake anaelekea uani. Mama akampisha njia huku kajitanda mtandio mpaka kwenye pua, hajui akimbie au amnyang'anye. "Baba, weka hapo, weka hapo baba, jamani huyu mtoto." Baadaye akaniita pembeni, "wamfanyisha kazi mwenzio?" Nikasema mama, huko tunasaidiana. Akasema sawa, saidianeni huko huko.

Mchana wa tatu mama akapika bada. Kama hujala bada wewe bado hujafika Tanga, ni ugali wa unga wa muhogo mkavu, makopa, rangi ya kijivu hivi, unavutika, na siku hiyo ilikuwa na changu wa nazi iliyowekwa ndimu na pilipili mbichi nzima nzima. Mi nilikuwa nimeshamwandalia wali pembeni, nikijua ataogopa. Huyu bwana alivyofunua ile kawa akanyamaza kwanza. Akakata tonge kubwa, akaliviringa kwenye kiganja mara tatu nne bila kuliangalia, macho yako kwa samaki, akatia shimo kwa dole gumba, akachota mchuzi. Hakuna tone lililodondoka mkekani. "Hii njo bukari ya mihogo! Juu ya nini hukuniambia?" Kweli, sikumwambia, miaka mitatu nampikia wali na chapati na bada sijawahi kuitaja, sijui nilikuwa naona haya ya nini. Mama alikuwa nyuma ya pazia anachungulia. Jioni ikapikwa tena, na kisamvu, akasema hii ni sombe, kuanzia hapo nyumba nzima kisamvu kikawa sombe, mama mdogo anatuma mtoto sokoni Mgandini, "niletee sombe fungu mbili". Si nilisema, Tanga wakilidaka neno.

Sasa Bibi. Bibi mzaa mama ana miaka 90 na ushee, kazaliwa Lamu, akaolewa Tanga na nahodha wa jahazi, na Kiamu chake hakijamtoka hata siku moja. Sisi wajukuu utotoni tulikuwa tunamuiga, tunacheka, na mimi nilipoanza shule nikawa namsahihisha. Ndiyo, na yeye pia. Siku hizi haoni vizuri, yuko kitandani muda mwingi, chumba cha mbele.

Ilikuwa baada ya alasiri, mi na mama tuko uani tunakuna nazi, mume wangu kakaa barazani na simu yake. Nasikia Bibi anaita, "Nani hapo? Ndoo (yani njoo). Nipe mai."

Na kabla sijanyanyuka kwenye mbuzi nasikia jibu, "Ndiyo Bibi, niko nakuya. Mayi ya baridi?"

Kimya kidogo. Af Bibi kwa sauti ambayo sijaisikia miaka, "Ee! Huyu kijana ni wa Pate?" Yani kile kisiwa jirani na Lamu.

Mama aliacha kukuna akaniangalia. Mi nilikuwa nimeshika kifuu tu. Maana mkalimani mzima, na cheti ukutani, sikuwahi hata siku moja kuviweka hivi vitu viwili pamoja. Kiamu ile herufi j wanaidondosha au wanaigeuza y, maji ni mai, moja ni moya, jua ni yua, kuja ni kuya. Na Lubumbashi wanasema mayi, moya, kuya. Sisemi wana undugu, hayo waulizeni wataalamu wa lugha. Lakini maneno yale yale niliyokuwa namfuta mume wangu mdomoni kila siku, alikuwa nayo bibi yangu aliyenilea! Sanifu yangu ninayojidai nayo ilichaguliwa kwenye mkutano Mombasa mwaka 1928, wakasema tunachukua Kiunguja, basi. Bibi hakuulizwa. Lubumbashi nako sidhani kama walipeleka mtu.

Toka siku hiyo nilipoteza mume. Asubuhi chai anainywea chumbani kwa Bibi, jioni anambebea kiti nje, wanaongea kila mtu na chake, nusu hawaelewani na hawajali. Bibi akawa ananiita mke mwenza, "wewe mke mdogo, tupikie kahawa, mi na mume wangu twazungumza." Nikipita nikisikia kosa midomo inaniwasha. Siku moja nikajisahau nikamwambia ni viatu, si biatu, Bibi akaniuliza toka kitandani, "Kwani hukumfahamu?" Nimemfahamu Bibi. "Basi mwate anene." Mwache aongee.

Raskazone tulienda mara mbili tu, Pangani hatukufika, mapango ya Amboni hatukufika, ile orodha ndefu niliyoiandika kwenye simu nikiwa kazini Brussels karibu yote imebaki. Kila asubuhi nikisema leo twende mahali, ananijibu Bibi kasema nisitoke leo ana stori haijaisha.

Watu husema Tanga waja leo waondoka leo. Siku ya kuondoka Bibi akamshika mkono hakuuachia, dereva wa bajaji anawasha anazima. Nilitegemea aniambie na mimi kitu. Akaniambia nisisahau kumpikia.

Sasa tuko huku, mvua inanyesha Agosti hii, na Ijumaa simu ikiita naona jina la mama napokea mimi, shikamoo, marahaba, hamjambo, hatujambo, na nyuma kule namsikia Bibi anamwambia mama, huyo sio, nipe mume wangu. Namkabidhi simu. Anaweka spika, anakaa chini kabisa kwenye zulia kama vile yuko barazani.

"Mwaya lini?"

"Tutakuya Bibi, tutakuya mwaka hii ingine."

Mwaka mwingine, nasema moyoni. Moyoni tu.