Thessaloniki kabla ya treni

Mji wa Thessaloniki, ulioko kaskazini mwa Ugiriki, una ushairi ambao sisi watunzi wa Kigoma tunapaswa kuusoma kwa makini, kwani na wenyewe ulizaliwa kwa watu wa bandari. Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 walipokewa katika Dola ya Uthmaniyya, na wengi wao wakaweka makazi Thessaloniki, ambako waliendelea kuzungumza Ladino, yaani Kihispania chao cha kale, kwa zaidi ya miaka 400. Walikuwa wengi kiasi kwamba hadi mwanzoni mwa karne ya 20 bandari ilikuwa ikifungwa Jumamosi, kwa sababu makuli wenyewe walikuwa Wayahudi na siku hiyo walishika Sabato.

Mwanamke mmoja wa mji huo, Bouena Sarfatty, aliyezaliwa mwaka 1916 na kufariki mwaka 1997, alitunga mamia ya komplas, ambazo ni beti fupi za Ladino zenye vina. Baadhi zinahusu miaka ya uvamizi wa Wajerumani, lakini kundi kubwa linahusu maisha ya kawaida: harusi, mahari, vyakula, mitindo ya mavazi, na wazee wanaolalamika kwamba vijana wameharibika. Alitunga baada ya vita, akiwa mbali na kwao, huku akijua vyema mwisho wa watu hao wote. Hata hivyo hakuruhusu mwisho huo umeze harusi zao. Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi.

Nimejaribu kuiga njia yake kwa mizani minane ya utenzi:

Jumamosi bandarini,
meli zimo mlangoni,
makuli wako nyumbani,
Sabato imetulia.

Ubeti huu haukunisumbua. Uliofuata ndio ulionishinda kwa muda mrefu, kwa sababu mwezi Desemba 1942 makaburi ya Wayahudi, yenye maziko ya karne nyingi, yalianza kubomolewa, mawe yake yakachukuliwa kujengea, na leo chuo kikuu cha mji huo kimesimama juu ya ardhi ile. Kisha, kuanzia tarehe 15 Machi 1943, treni ziliwapeleka watu zaidi ya 40,000 Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland, na karibu wote hawakurudi. Takwimu za namna hiyo hukaa vibaya ndani ya vina. Nikiziimba kwa mahadhi yale yale ya harusi naona kama ninazipamba, na nikizitenga naona kama ninazificha. Kwa sasa nimeamua kukata kituo cha ubeti huo, msomaji asubiri kina kisichofika.

Nikigeuka kutazama Ujiji, naona tumefanya kinyume cha Sarfatty. Takribani kila shairi nililosoma kuhusu mji huo huanza na minyororo ya watumwa, likapita kwa Livingstone na Stanley mwaka 1871, likaishia hapo, kana kwamba hakuna aliyewahi kuoa Ujiji. Sisemi minyororo isahauliwe. Nasema utenzi wa Ujiji uanze na chumvi iliyoletwa kutoka Uvinza, mawese, dagaa waliokaushwa ufukweni, mitumbwi ya kutoka Kongo, na akina mama waliogombana kwa bei. Livingstone naye, kama ni lazima aingie, angesubiri hadi ubeti wa hamsini.