Mbona hakuisoma hiyo?

Swali la wifi limegoma kunitoka. Matanga ya mtoto wa kaka tumemaliza, Kidato cha Nne wameanza mitihani ya utamilifu, barua yangu ya uhamisho nayo imetoka, lakini kila nikishika chaki namsikia yeye: "Basi mbona hakuisoma hiyo?"

Alikuwa anasugua masufuria nyuma ya nyumba, wageni wa mwisho wameshaondoka. Hakuniangalia. "Wifi, wewe umesoma. Mshahara wa dhambi ni mauti, tumemsikia wote mchungaji akiusoma pale kaburini. Mtoto wa miaka minne alitenda dhambi gani? Au ni yangu mimi?"

Nikamwambia si yake, wala si ya kaka. Nikamtajia Yohana 9, pale wanafunzi walipouliza nani aliyetenda dhambi hata yule mtu azaliwe kipofu, yeye au wazazi wake. Yesu akajibu: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Mikono ya wifi ikasimama ndani ya maji. "Basi mbona hakuisoma hiyo?"

Mbona hakuisoma, kweli? Najua mchungaji atasema Paulo, aliyeandika maneno hayo ya mshahara wa dhambi, alikuwa anazungumzia dhambi iliyoingia kwa Adamu, kwamba hakuna aliyenyooshewa kidole. Lakini aliyetoka kumzika mwanawe hana nafasi ya kumfikiria Adamu. Anajipekua mwenyewe: alimkosea nani, aliacha ibada ipi, alisema nini akiwa na mimba. Na sisi tunajua kilichomwondoa mtoto wetu. Ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Kaka ana kinasaba kimoja cha ugonjwa huo, wifi ana kimoja, na kila mimba yao ilikuwa na nafasi moja kati ya nne ya kurithi vyote viwili. Kinasaba hichohicho, ukiwa nacho kimoja tu, kinakukinga na malaria kali. Kuna mababu zetu waliopona kwa sababu yake. Halafu mtu akiite laana!

Bado nasali, na nitaendelea kusali. Ila nafundisha Baiolojia, tena hapa Lindi. Mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria ambaye Wajerumani walichimba mifupa yake kati ya 1909 na 1913 wakaipeleka Berlin, alikufa miaka milioni 150 hivi iliyopita. Hakukuwa na mtu wa kukosea lolote, na kifo kilikuwepo. Siwezi kuwaeleza wanafunzi hivyo Jumatatu, kisha Jumapili niitikie amina kwamba kifo kililetwa na tunda.

Jana usiku wifi akapiga simu, sauti imechangamka kidogo. Habari za mahubiri hakuzigusa kabisa. Alitaka kujua yule mtoto wao mkubwa ampeleke wapi akapimwe damu, na kama wenyewe wawili nao wapimwe. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Tukaongea hadi salio lake likaisha, nikampigia mimi, na katikati ya maongezi akacheka alipokumbuka mwanawe alivyokuwa akificha mihogo chini ya mkeka.

Mama naye anasema salfa, dawa ya kupuliza mikorosho, haijafika kwenye chama cha ushirika, na mikorosho ya bondeni imeshaanza kutoa maua. Kaka ndiye hupuliza kila mwaka, na sasa hana hata nguvu ya kuinua mashine. Mimi naondoka mwisho wa mwezi. Sijui nani atamsaidia.