Alipata 38 kati ya 40

Mtihani wangu wa wakatekumeni, yaani watu wazima wanaojiandaa kubatizwa katika Kanisa Katoliki, ulikuwa na maswali 40. Niliutunga mwenyewe, nikawa naunoa mwaka hadi mwaka, na sikatai kwamba nilikuwa nauonea fahari. Sakramenti saba kwa mpangilio, vipaji saba vya Roho Mtakatifu, tofauti ya dhambi ya mauti na dhambi nyepesi, yote yalikuwemo. Mwaka mmoja dada fulani akapata 38. Nilimwonyesha paroko karatasi yake kama mzazi anayeonyesha ripoti ya mwanawe.

Akabatizwa kwenye Mkesha wa Pasaka. Akapakwa Krisma, mafuta matakatifu ya kipaimara, usiku uleule, akapokea Komunyo, akalia, nasi tukalia. Pentekoste ilipofika, siku 50 tu baadaye, hakuwepo kanisani. Wala si Dominika hiyo peke yake. Nilipoulizia, hakuna aliyejua ni lini alionekana mara ya mwisho, nami mwenyewe nilikuwa sijagundua mpaka nilipotaka kumpa cheti.

Nikamfuata nyumbani. Alinipokea vizuri, hakuwa na ugomvi na mtu. Aliniambia, "Mwalimu, mimi nilidhani kozi imeisha."

Nimelibeba neno hilo muda mrefu. Hakunikosea. Nilimfundisha kwa kozi, nikampima kwa mtihani, nikampa cheti, naye akafanya anachofanya kila mhitimu.

Sasa niseme kinachoniuma zaidi. Dominika ya kwanza ya Kwaresima kuna ibada ya uteuzi, yaani ya kuwachagua rasmi watakaobatizwa Pasaka, ambapo askofu huwageukia wasimamizi wa ubatizo na kuwauliza juu ya watu wao. Kimsingi maswali ni matatu: Je, wamelisikiliza kwa uaminifu Neno la Mungu linalotangazwa na Kanisa? Je, wamelipokea na kuanza kuenenda mbele za Mungu? Je, wameshirikiana na ndugu zao Wakristo na kusali pamoja nao? Msimamizi wa dada yule alijibu "Ndiyo" kwa sauti nzito pamoja na wenzake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, na nilijua fika kwamba hajawahi kukaa na yule dada hata robo saa. Jina la msimamizi huyo liliandikwa kwenye fomu kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi ya jina. Nikanyamaza. Kwa hiyo tulikuwa wawili tuliosema uongo mbele ya askofu, mmoja kwa mdomo na mmoja kwa kunyamaza.

Tangu hapo ndipo nilipoanza kuyatazama yale maswali matatu kwa makini. Hakuna hata moja linaloweza kujibiwa kwa kalamu. Hakuna hata moja linaloulizwa kwa mkatekumeni mwenyewe. Huulizwa mtu aliyeishi karibu naye. Na si jambo la juzi. Katika maandishi ya karne za kwanza yanayojulikana kama Mapokeo ya Mitume, mkatekumeni husikiliza Neno kwa miaka mitatu, ila akiwa na bidii kinachotazamwa si muda bali mwenendo. Anapochaguliwa kwa ubatizo, maisha yake huchunguzwa: aliwaheshimu wajane? Aliwatembelea wagonjwa? Alitenda mema? Na wanaojibu ni wale waliomleta. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 hazikuacha mafundisho nje, maana kanuni ya 865 inadai mtu mzima awe amefundishwa vya kutosha. Lakini papo hapo inadai awe amejaribiwa katika maisha ya Kikristo kwa njia ya ukatekumeni. Mimi nilishika nusu ya kwanza, hiyo ya pili nikaiachia mbingu.

Mtihani sikuufuta. Nimeupunguza hadi maswali 12, na tunaujibu kwa mazungumzo. Anayesema mafundisho hayana kazi hajawahi kukaa na mtu aliyefiwa anayeuliza ufufuko wa wafu maana yake nini hasa. Kilichobadilika ni kwamba kila msimamizi anafika nusu saa kabla ya Misa na kusoma Injili ya siku pamoja na mtu wake, wawili tu, mimi sipo. Na mara moja kwa mwezi wanakwenda pamoja kumtembelea mgonjwa.

Mara moja niliwasindikiza. Mkatekumeni alikuwa fundi wa magari, mtu wa mikono mikubwa ambaye darasani hafungui kinywa. Bibi tuliyemtembelea hakuweza kuketi. Tuliposhindwa kupata la kusema, bibi mwenyewe akamwambia yule fundi, "Sali basi, mwanangu." Kwa utaratibu wa Kanisa alikuwa bado hajakabidhiwa rasmi Baba Yetu, maana hiyo hufanyika juma la tano la Kwaresima, lakini alikuwa ameisikia Misa baada ya Misa. Akaanza polepole. Alipofika "Utusamehe makosa yetu" akakwama. Nilidhani amesahau. Bibi akamalizia akiwa amefumba macho, "kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea."

Tulipotoka nje fundi akamuuliza msimamizi wake, wala si mimi: "Hiyo sehemu ya mwisho, ni lazima?" Ikaja kujulikana kwamba ana kaka yake ambaye hawajasemezana kwa miaka miwili.

Katika mtihani wangu wa zamani swali la 22 lilikuwa: Taja maombi saba ya Baba Yetu. Fundi yule angetaja matatu, labda manne. Ningempa nusu alama.

Halmashauri yetu ya parokia nayo ilipata hamu ya kupima imani, na ikaleta fomu yake. Idadi ya wanaohudhuria Misa, idadi ya wanaokomunika, zaka, na, Mungu atusamehe, idadi ya wanaoungama. Hilo la mwisho nilisimama nikalikataa. Si kwamba kuhesabu foleni kunavunja siri ya Kitubio, bali mtu akishajua foleni inahesabiwa, atapanga foleni ili ahesabiwe. Mengine niliyaacha yapite. Takwimu za Misa zina faida yake: zinakuonyesha nani hayupo, ukiwa na nia ya kumfuata. Sisi hatukuwa na nia hiyo, tulikuwa na nia ya kupeleka ripoti.

Kuna vijana pia, na hao wananipa kazi nyingine kabisa. Kijana mmoja wa kipaimara alikuwa na swali lake: kama Mungu anajua haja yangu kabla sijaomba, naomba ili iweje? Alilirudia kila kipindi. Daftari la mwalimu aliyenitangulia lilikuwa na neno moja kando ya jina lake: "mashaka". James Fowler, mtafiti wa Marekani aliyeeleza hatua sita za imani mwaka 1981, anasema kuna imani inayofuata kundi, na watu wazima wengi hubaki hapo maisha yao yote, kisha kuna hatua ambapo mtu anaanza kuyapima mwenyewe aliyoyapokea. Ngazi yake sipendi kuitumia kumpangia mtu daraja, imani si shule ya msingi. Lakini ilinisaidia kuona kwamba yule kijana huenda alikuwa mbele ya wenzake waliokuwa wakiitikia kila kitu. Nililifuta lile neno. Mahali pake nikaandika swali lake lilivyo, na tarehe. Mwaka uliofuata nikalinganisha: alikuwa anauliza jinsi ya kusali pale sala inapokuwa kavu. Hiyo ndiyo rekodi pekee ninayoitunza siku hizi, maswali ya watu kwa maneno yao.

Yule dada wa 38 huja mara mojamoja, hukaa nyuma, huondoka kabla ya baraka. Simhesabu popote. Kuna mama mmoja anayekaa karibu naye kwa makusudi, basi.

Mwaka jana, jioni kabla ya ibada ya uteuzi, niliwakusanya wasimamizi chumbani nikawauliza yale maswali matatu, mmoja mmoja, nikawaambia "ndiyo" tupu siipokei. Wakatazamana. Mzee mmoja akajikohoza. "La tatu, ndiyo, tunasali wote. La pili, anajitahidi, ameacha jambo fulani ambalo sitalitaja hapa. La kwanza bado, Mwalimu. Masomo yakianza anasinzia." Akanyamaza kidogo. "Na mimi nasinzia naye."

Tukawahamishia benchi la mbele.