Matone ya ekinasia yanavyonisaidia na mafua

Mimi mafua huniingilia kooni. Kabla ya chafya na kamasi, huniwasha mahali pamoja tu nyuma ya kaakaa, nikimeza mate nahisi pamekwaruzika. Hapo ndipo ninapofungua chupa ya ekinasia. Nikingoja hadi pua izibe, huwa nimechelewa, hata ninywe kiasi gani.

Ekinasia ni mmea wa Amerika Kaskazini, wa jamii moja na alizeti, na wenyeji wa huko waliutumia kama dawa tangu zamani. Mimi hutumia dawa ya maji iliyotengenezwa kwa mizizi. Naipendea jambo moja: matone yakigusa ulimi, baada ya muda mfupi ulimi unachonyota na kuingia ganzi kidogo. Ganzi hiyo inaletwa na kemikali za mmea wenyewe ziitwazo alkamaidi. Nachanganya na maji kidogo, nayazungusha kinywani taratibu, kisha nameza. Kipimo ni kile kilichoandikwa kwenye chupa, siongezi.

Je, inazuia mafua? Si yote. Virusi vya rhino peke yake, ambavyo ndivyo vinavyoleta mafua mengi, vina aina zaidi ya 150, na sijui dawa inayoziba milango yote hiyo. Mwaka 2014 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, walipitia majaribio 24 ya ekinasia: kwenye kutibu hawakuona nafuu ya kueleweka, kwenye kuzuia waliona dalili ya faida ndogo. Kwa upande wangu, mara nyingine muwasho unaishia kooni, mara nyingine mafua yanakuja vilevile ila hayanilazi. Huenda ni usingizi, kwa sababu siku hizo nalala mapema na kunywa maji mengi. Hata hivyo chupa siiachi.

Siku 10 zikifika naacha, nimepona au sijapona. Matumizi yake ni ya muda mfupi, ndiyo maana siinywi mwaka mzima eti nijenge kinga.

Dada yangu aliwahi kuniomba nimpe mwanawe aliyekuwa anakohoa. Nilimwambia, “Dada, huyu bado mdogo, hii haipewi mtoto chini ya miaka 12.” Watoto wengine wakiinywa huotwa na vipele. Mwenye mzio wa maua ya jamii ya alizeti asiiguse, na anayetumia dawa za kushusha kinga, kama aliyepandikizwa figo, pia aiache.

Na kuna siku sihangaiki nayo kabisa. Homa ikipanda ghafla, mwili mzima ukauma, au kifua kikabana hadi kupumua kukawa kazi, naenda kupimwa siku hiyohiyo.