Wa kwanza ni nani? Mabishano ya vibonzo huku Philadelphia

Hapa Philadelphia kuna watu wazima, wengine wastaafu kabisa, wanaoweza kumaliza Jumamosi nzima wakibishana juu ya jalada moja la kitabu cha vibonzo. Nikitoka zamu ya usiku hupitia dukani wanakokutana, na siku hizi wamenizoea, hata kiti wananiwekea.

Kinachowagombanisha ni shujaa gani wa vibonzo alitangulia. Action Comics namba 1, ya Juni 1938, kitabu alichoanzia Superman, haiachi kutajwa. Enzi zake iliuzwa senti 10. Leo nakala nzuri huenda kwa mamilioni ya dola. Jaladani Superman amenyanyua gari la kijani analibamiza kwenye mwamba, na chini kushoto jamaa anatimua mbio kajishika kichwa kwa mikono miwili. Lakini fungua ndani: Superman yule hapai angani, anaruka tu, mita kama 200 kwa mruko mmoja. Na wachapishaji hawakumweka tena jaladani hadi namba 7. Walikuwa hawajajua wameshika nini!

Captain America namba 1 ndiyo inayowapandisha sauti. Joe Simon na Jack Kirby, wote Wayahudi, walimchora shujaa wao akimtandika Hitler ngumi ya uso. Jalada linasema Machi 1941, ila kitabu kilifika kwa wauza magazeti Desemba 1940, karibu mwaka mzima kabla Marekani haijaingia vitani. Ngao yake hapo ina umbo la pembetatu. Namba 2 ikawa duara, kwa kuwa wachapishaji wengine walilalamika kwamba inafanana na ya shujaa wao.

Mimi wa kwanza wangu ni mwingine, na ni wa mji huu huu. Mwaka 1947 Orrin C. Evans, mwandishi wa habari mweusi, alitoa All-Negro Comics kwa senti 15, kitabu kilichoandikwa na kuchorwa na weusi watupu. Humo yumo Ace Harlem, mpelelezi, na yumo Lion Man: mwanasayansi, Mmarekani mweusi, aliyetumwa na Umoja wa Mataifa kwenda Gold Coast, Ghana ya leo, kulinda mlima wenye urani. Hebu fikiria mwaka wenyewe. Tanganyika ipo chini ya Mwingereza, na vibonzo vilivyokuwa vikiuzwa vinamchora Mwafrika midomo imevimba, mzigo wa mzungu kichwani. Halafu Evans anamweka mweusi msomi alinde mali ya Afrika isiporwe. Kila nikizifikia kurasa zile nasimama.

Namba 2 haikutoka. Evans alitaka kuendelea, lakini wauza karatasi waligoma kumuuzia.

Wenzangu wananijibu kwamba wa kwanza anayehesabika ni yule aliyeacha kizazi nyuma yake, ndiyo maana wao humtaja Black Panther, shujaa mweusi wa 1966, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Sikubali. Lion Man hakukosa kizazi kwa udhaifu wa hadithi, alinyimwa karatasi. Tukipima utangulizi kwa kilichofuata tu, waliokuwa na karatasi watashinda kila mara.

Jambo jingine ambalo sijalizoea ni kufungia nakala kwenye plastiki ngumu na kuipa alama za ubora hadi 10. Ukishaifunga hivyo huwezi kufunua hata ukurasa mmoja. Sisi Sani, jarida la vibonzo la kwetu Tanzania, tuliisoma ikipita mkono kwa mkono mtaani hadi jalada likabanduka, na visa vya Ndumilakuwili na Lodi Lofa tukavijua kwa moyo. Kwa wenzangu hawa nakala kama ile ingepata sifuri.

Uzuri ni kwamba All-Negro Comics haina tena mwenye hakimiliki, na kurasa zake zinasomeka bure kwenye intaneti. Mwenye mtoto anayependa mashujaa amfungulie ya Lion Man, amwache asome mwenyewe.