Nilivyohamia Kwenye Kompyuta, na Sababu ya Konsoli Kubaki Sebuleni

Binamu yangu anayeishi Umoja ndiye aliyenitia mori. Kila alipoikuta PlayStation 4 yangu, konsoli ya kuchezea michezo kwenye televisheni, ikiwaka, alisema, "Ndugu yangu, hii ni ya watoto; kompyuta ina nguvu zaidi na gharama yake ni nafuu." Nikamsikiliza, nikateremka Luthuli Avenue jijini Nairobi na kununua kompyuta ya ofisi iliyotumika Uingereza kwa elfu kumi na kitu, pamoja na kadi ya michoro (inayochora picha za mchezo) aina ya GTX 1060 ambayo bei yake iliizidi ya kompyuta yenyewe. Hilo binamu hakulitaja.

Kadi hiyo hula wati 120, ilhali tundu inamochomekwa hutoa wati 75 tu, hivyo huhitaji waya wake kutoka kwenye pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, na ya kwangu haikuwa nao. Muuzaji alinipa kiunganishi cha kuazima umeme wa diski, akaniapia kwamba wateja wake wote hukitumia. Kompyuta iliwaka, picha zikang'aa, nami nikamwita mke wangu aje ashuhudie. Mara tu kipenga cha mchezo wa kandanda kilipopulizwa kwenye skrini, pu! Giza. Nilidhani umeme umekatika mtaani, nikaenda hadi dirishani, nikaona taa za jirani zinawaka kama kawaida. Nilirudia mara tatu, na kila mara ikazimika kabla ya kipa kuugusa mpira. Mara ya nne nikanusa plastiki inayoungua, nikachomoa nyaya zote huku mikono ikitetemeka. Mke wangu alikwisha kurudi jikoni zamani.

Niliibadilisha kadi hiyo kwa hasara na kuchukua GTX 1650, toleo lisilohitaji waya wa ziada, na mambo yakatengemaa. Asiyesoma kwanza wati zilizoandikwa ubavuni mwa pawasaplai ajiandae kushika pua.

Nitajisifu kwa jambo moja: sikununua padi nyingine, yaani kidhibiti cha kushika mkononi. Nilichomeka ile ya pili ya PlayStation 4 kwa waya wa USB, Steam, programu ninayonunulia na kuchezea michezo ya kompyuta, ikaitambua papo hapo. Kucheza mtandaoni pia hakunigharimu ada, ilhali kwenye konsoli michezo mingi ya kulipia hudai usajili wa PlayStation Plus. Hata hivyo, kwenye konsoli nilizoea kununua diski iliyotumika, kuucheza mchezo hadi mwisho, kisha kuibadilisha kwa nyingine kwa kuongeza mia chache. Mchezo wa Steam hufungwa kwenye akaunti yangu, siwezi kuuuza wala kumwazima jirani. Isitoshe, kwenye kompyuta mimi ndiye ninayepunguza vivuli na ubora wa picha hadi mchezo uache kukwama, kazi ambayo kwenye konsoli watengenezaji wameshanifanyia.

Jumapili iliyopita binamu alikuja, akaipita kompyuta bila kuitupia jicho, akaketi mbele ya televisheni na kuuliza padi ya pili iko wapi. Nilimwonyesha: imechomekwa kwenye kompyuta.